Kilima cha Nyarusenge Kama Kilivyokuwa

Mfanyabiashara mgeni akifika Xiaobei, mtaa wa Waafrika jijini Guangzhou, China, na mzigo wa jeans usiotosha kujaza kontena, wenyeji humwambia apande lifti ya jengo la Tianxiu Dasha akamwulizie Abass. Yeye ndiye anayewaunganisha wenye mizigo midogo, akaipakia pamoja, ikasafiri kama mzigo mmoja hadi bandari ya Dar es Salaam. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye meza, mizani, birika la umeme na marobota yaliyopangwa hadi karibu na dari, na katikati ya marobota umeachwa mwanya wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Wenye viwanda vya Xintang humwita laoban, yaani bosi, kwa kuwa akisema neno halibadilishi. Wateja wake wengi ni Watanzania wa Kariakoo na Unguja. Wanamsifu kwa upole, ila wanasema ana kasoro moja: ukimwuliza habari za utoto wake, atakuuliza habari za mzigo wako.

Utoto wake aliuacha Rwanda. Alizaliwa Nyarusenge, kilima cha upande wa mashariki, kwenye senta ndogo ya Waislamu ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya dukani na ya nyumbani. Baba yake, Rahim, alikuwa dereva wa gari la kukusanyia kahawa, na watoto wa kilima kizima walimwonea Abass wivu kwa kukaa kiti cha mbele. Alipokuwa na miaka kumi yakaja mauaji ya kimbari, Watutsi wakawindwa nyumba kwa nyumba na watu waliokuwa wakiazimana nao chumvi. Wapo Waislamu wengi waliowafungia majirani vyumbani mwao wakawaokoa. Rahim hakuwa mmoja wao. Alisimama kwenye kizuizi cha barabarani pamoja na wauaji, na gari lake likatumika kubebea maiti. Siku moja alimtuma Abass kisimani akalete maji ya kuoshea gari. Abass akaleta ndoo, akarudi kuleta nyingine, na hakuuliza kitu.

Kisha wakawa wakimbizi. Abass na mama yake walivuka mto wakaingia kambi ya Ngara, na mama akafia huko kwa kipindupindu. Mjomba aliyekuwa fundi cherehani Kariakoo akaja kumchukua mtoto. Rahim yeye alirudi Rwanda, akakamatwa, akasimama mbele ya gacaca, ile mahakama ya wanakijiji iliyoketi uwanjani kusikiliza waliotenda na waliotendwa. Akakiri, akafungwa miaka mingi, na alipotoka gerezani mzee tayari, akarudi kuishi Nyarusenge peke yake.

Abass alikulia katikati ya nguo. Alianza na mitumba, akahamia mpya, akamwoa Swalha, binti wa Unguja, wakampata mtoto wao Nahla. Safari ya kwanza ya Guangzhou ilizaa ya pili, ya pili ikazaa nyingine, mwisho wakahamia. Rwanda hakurudi. Baba yake na yeye walipigiana simu kila mwezi, wakaulizana habari za mvua na dawa za presha. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi kama ya watu wanaochelea salio kwisha, ingawa simu za mtandao hazina salio la kuchelea.

Rozina alimkuta Guangzhou. Huyu alikuwa Mnyarwanda pia, msichana mwembamba aliyesoma upimaji ardhi Dar es Salaam, akapata ufadhili wa kuja Guangzhou kusomea shahada ya uzamivu ya ramani za kompyuta. Walikutana mara ya kwanza kwenye ukumbi wa hoteli, mwezi wa Aprili, Wanyarwanda wa jiji lile walipokusanyika kuwakumbuka waliouawa. Mtu mmoja, bila nia mbaya, akawaambia kwamba wote wawili ni wa Nyarusenge.

"Mimi ni mtoto wa Veneranda," Rozina alisema. "Mke wa mwalimu Ndamage."

Abass alijibu kwamba yeye ni mtoto wa Rahim dereva. Hapakuwa na haja ya maelezo zaidi. Mwalimu Ndamage na wanawe wawili, Plasidi na Anaklet, waliuawa kizuizini. Veneranda alinusurika na Rozina mgongoni, mtoto mchanga. Mbele ya gacaca Rahim alikiri kuwabeba watatu hao na kuwatupa shimoni kwenye tanuru la matofali. Watu wakaenda na majembe kwenye tanuru, wakachimba, wakapanua shimo, wakachimba tena miaka iliyofuata. Hawakupata hata kifungo cha shati. Kilima kizima kikaamua kwamba Rahim anaficha, na Veneranda akazeeka akiamini hivyo.

Baada ya kujuana kwa namna hiyo, Abass na Rozina walikwepana. Hawakuchukiana. Kila mmoja alikuwa akimwepushia mwenzake kuiona sura yake. Wakikutana kwenye mgahawa wa tambi za halali pale Xiaobei, walisalimiana kwa adabu na mmoja wao akakumbuka ana haraka. Hali ikaenda hivyo miaka mitatu.

Basi siku moja ya mvua, mvua zile za msimu wa joto wa Guangzhou zinazomwagika kama zimekatiwa kamba, Rozina akapanda mwenyewe hadi ofisini. Abass alikuwa anapima robota. Swalha, ambaye hushika simu na chai, akamkalisha mgeni, akampa taulo ya kufutia nywele na kikombe cha chai ya tangawizi. Rozina akanywa nusu, akatoa kishikwambi mkobani, akakiweka juu ya meza.

Alizungumza Kiswahili. Angeweza kusema Kinyarwanda, lakini baadaye alimweleza Swalha kwamba alichagua Kiswahili makusudi, kwa sababu ndiyo lugha ambayo yeye hakuumizwa nayo.

"Kaka Abass," alisema, "nimekuja kukuazima macho. Najenga Nyarusenge."

Akaeleza. Kabla ya vita, wapimaji walipita na ndege wakapiga picha za vilima vile kutoka juu, na picha hizo bado zipo. Yeye amezichukua, akazilinganisha na picha mpya zilizopigwa kwa droni, na kwa kompyuta anakisimamisha kilima upya jinsi kilivyokuwa mwaka ule, nyumba kwa nyumba, njia kwa njia. Mtu akivaa miwani maalumu anajiona amesimama ndani yake, anatembea, anageuza shingo. Waliookoka wataweza kuonyesha walikojificha. Waliotenda wataweza kuonyesha walikofukia. Maana kilima cha leo si kile, alisema. Barabara imehamishwa, nyumba zimekusanywa kijiji kimoja, miteremko imekatwa matuta, bonde limekuwa mashamba ya mpunga. Mzee anaambiwa aonyeshe mahali, anasimama juu ya tuta, haoni kitu anachokifahamu, na watu wanasema ni mwongo.

Hapo alimalizia chai yake. Kisha akasema picha zinampa mapaa tu. Hazimwambii ni paa la nani, wala njia ipi ilipitika, na watu wazima wa wakati ule wengi wamekufa, na walio hai wanaogopa kusema. Lakini mtoto mchunga mbuzi, kama Abass alivyokuwa, hupita kila mahali.

Abass alimsikiliza hadi mwisho, akasema hakumbuki. Wauzaji wa soko la Liuhua wana neno lao, meiyou, hakuna, ambalo humtupia mteja wasiyetaka kumhudumia hata kama bidhaa inaning'inia nyuma yao. Abass alilisikia neno hilo ndani ya kauli yake mwenyewe, na pengine Rozina alilisikia pia. Hakubishana. Alimshukuru Swalha kwa chai, akaacha namba yake, akashuka.

Swalha alisubiri wateja waondoke. Aliyajua yote ya mumewe tangu wachumba, na hakuwahi kumchokonoa. Walipokuwa wanafunga ofisi ndipo aliposema, huku akihesabu funguo.

"Baba Nahla, umemwambia yule binti hukumbuki. Mbona usingizini unawaita mbuzi kwa majina?"

Abass akacheka bila kutaka, kisha akaketi kwenye robota. Alisema anaogopa. Swalha akamwuliza anaogopa kukumbuka au anaogopa kukumbuka mbele ya Rozina. Akajibu kwamba ni hilo la pili. Swalha akasema basi hilo amwachie Rozina mwenyewe, maana yeye ndiye aliyepanda lifti.

Jumamosi yake Abass akapanda treni ya chini ya ardhi kwenda chuoni. Rozina alimpokea getini bila maneno mengi, akampeleka kwenye chumba chenye kompyuta na kiti cha kuzunguka, akamvisha ile miwani mizito usoni, akamwambia akihisi kizunguzungu aseme.

Mwanzoni Abass aliona maumbo ya kijivu kama maboksi ya karatasi yaliyopangwa mteremkoni. Akataka kuvua. Halafu akageuza kichwa, na kule chini, mahali pake kabisa, akaliona bonde na mkunjo wa ziwa, na mwili wake ukaelewa alipo kabla akili haijaelewa. Alisimama bila kujua kwamba amesimama. Rozina alimshika mkono asijikwae kwenye nyaya.

"Msikiti umeugeuza," ndilo neno lake la kwanza. "Unaswalisha watu kuelekea Burundi."

Rozina akacheka, akaugeuza. Ndivyo kazi ilivyoanza. Abass alianza na msikiti, akaja kwenye duka la Mwarabu, akaja kwenye mstari wa mikalitusi, akaja kwenye mfereji wa maji uliokuwa unavuja na kuotesha majani ambayo mbuzi waliyapenda. Kila alichokitaja, Rozina alikiweka, na kila kilichowekwa kilimkumbusha kingine. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, hadi wateja wa Unguja wakazoea kwamba siku hiyo laoban hapatikani.

Siku moja wakafika kwenye nyumba ya mwalimu. Rozina alikuwa ameijenga kwa kukisia, boksi lenye paa la bati, na aliposema "hapa ni kwetu" sauti yake ilikuwa ya kikazi mno. Abass akamwambia avae miwani yeye, na yeye Abass akae kwenye kompyuta abadilishe huku akieleza. Paa lilikuwa la vigae, alisema, na mlango wa buluu, rangi iliyobaki shule ilipopakwa. Dirisha la kulia halikuwa na kioo, lilizibwa kwa ubao wenye ramani ya Afrika, kwa kuwa mwalimu hakutupa kitu. Nje palikuwa na kisiki ambacho Plasidi alisimama juu yake kutangaza mpira.

"Kutangaza?"

"Kama wa redioni. Sisi tunacheza, yeye anatangaza. Anaklet alikuwa golikipa kwa sababu ndiye mdogo. Akifungwa, Plasidi anasema golikipa amepigwa na jua machoni. Hata kukiwa na mawingu. Hakuwahi kumwaibisha mdogo wake."

Rozina alikaa na ile miwani usoni muda mrefu, ameelekeza uso kwenye kisiki. Maji yalimtoka chini ya miwani hadi kidevuni na hakuyafuta. Alisema baadaye kwamba mama yake alimsimulia namna kaka zake walivyokufa, na hakuwahi kuweza kumsimulia namna walivyoishi. Siku hiyo alipata kaka mwenye sauti.  Abass alikwenda akamletea maji ya moto kwenye kikombe, kama Wachina wanavyofanya kwa kila maradhi, na Rozina akayanywa.

Tanuru lilikuja mwishoni, kwa sababu wote wawili walikuwa wakilizunguka. Rozina alikuwa ameliweka pale lilipochimbwa, juu kidogo ya barabara. Abass alilitazama, akauliza lile la chini liko wapi. Rozina akauliza lipi.

Kumbe palikuwa na mawili. La juu lilijengwa mwaka mmoja kabla ya vita, na mkandarasi aliyekuwa akijenga madarasa, na watu walipaita "kwenye matofali". Tanuru, watu wa senta waliliita lile la zamani, chini karibu na bonde, lililoachwa kwa kuwa maji ya mvua yalilijaza. Matete yalikuwa yameliziba. Hata kwenye picha za ndege halikuonekana, ila kivuli tu ambacho Rozina alidhani ni dimbwi. Watoto ndio waliolijua vizuri, maana walijificha humo wakicheza.

"Baba alisema tanuru," Abass alisema. "Hakusema kwenye matofali."

Walitazamana. Kivuli kile kilikuwa sasa chini ya shamba la mpunga, na hakuna aliyewahi kupiga jembe pale kwa ajili ya kutafuta mtu.

Lakini kumbukumbu ya mtoto haitoshi kuharibu shamba la watu. Ilibidi aulizwe Rahim. Abass aliona kwamba yote aliyoyafanya hadi hapo yalikuwa mteremko, na mlima ndio huu. Alimpigia baba yake, akapita mvua, akapita dawa za presha, na kwa mara ya kwanza hakukata hapo. Alimwambia kuna mtoto wa mwalimu Ndamage anakijenga kilima, na kwamba amekaa naye, na kwamba wanamwomba aje ofisi ya kata atazame.  Mzee akauliza aje na nguo gani. Abass hakulielewa swali hilo hadi siku nyingi baadaye. Mara zote baba yake alipopelekwa kuonyesha mahali, alipelekwa na nguo za mfungwa.

Walipanga iwe saa tisa alasiri ya Guangzhou, ambayo Rwanda ni saa tatu asubuhi. Wenzake Rozina waliokuwa kule walitengeneza skrini kubwa kwenye ukumbi wa kata. Rahim alikuja amevaa kanzu safi na koti. Walikuwa wameshaanza kuzungumza Veneranda alipoingia, hakuna aliyemtarajia, akavuta kiti akakaa mbali upande wa dirisha. Rozina alimwona mama yake kwenye picha akaziba mdomo kwa kiganja.

Abass alishika usukani wa kompyuta. Alimpitisha baba yake senta, polepole. Mzee alitazama huku akisogeza kiti karibu na skrini. Walipofika nyumbani kwao alinyoosha kidole kwenye skrini.

"Mlango wetu," alisema. "Nani kawaambia ulikuwa umepinda?"

"Ni mimi, baba."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akaomba ashushwe. Akaelekeza mwenyewe: pita mikalitusi, acha barabara, fuata mfereji unaovuja, shuka, shuka tena. Abass alishuka. Matete yakaja, na nyuma ya matete ule ukingo wa udongo mwekundu, na mzee akasema basi.

"Ni hapa. Gari halikuweza kufika, tukawabeba kwa mikono. Mimi nilimbeba mwalimu."

 Sauti iliyofuata ilikuwa ya Veneranda, na ilikuwa tulivu.

"Waliwekwa pamoja?"

"Pamoja, mama Plasidi. Baba yao kwanza, kisha watoto, huku na huku."

Veneranda alijifunika uso kwa khanga. Alipoifunua alisema kwamba tangu Plasidi afe hakuna aliyemwita jina hilo, na hakutarajia alisikie kutoka kinywa kile. Akasema miaka yote aliamini kwamba Rahim anamficha wanawe. Mzee akajibu kwamba mbele ya gacaca alisema tanuru, na siku aliyopelekwa kuonyesha hakuona tanuru wala bonde, aliona mpunga na umati wa watu wenye hasira, akanyoosha kidole kule walikokuwa wakimsukumia. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba hilo halimpunguzii kitu. Alibeba kwa mikono yake, na kabla ya kubeba alisimama kizuizini akaacha wakauawa watu aliokula kwao. Hana wa kumsingizia.

 Veneranda alisimama, akaenda hadi kwenye skrini, akagusa ule ukingo mwekundu kwa vidole, akatoka nje.

Kabla simu haijakatwa Abass akamwomba Rozina amwache kidogo. Alipobaki peke yake chumbani alimwuliza baba yake kuhusu ndoo za maji. Alisema aliyaona maji yalivyobadilika rangi. Alisema amekuwa akiyabeba tangu siku ile.

"Wewe ulitumwa, mwanangu," Rahim alisema. "Aliyekutuma alijua, wewe hukujua. Ndoo zile ni zangu. Zitue."

Abass alilaza kichwa juu ya meza ya chuo, akalia kama ambavyo hakulia hata mama yake alipofia Ngara.

Wenye shamba walikubali. Walisema wangekubali hata kabla ya kuvuna, lakini Veneranda mwenyewe akakataa mpunga wa watu uharibike, akasema aliyesubiri hivi anaweza kusubiri mavuno. Maji yalipokauka wakachimba, na walipofika kwenye matofali yaliyoungua waliacha majembe wakatumia mikono. Walikuwepo, watatu, mahali aliposema. Veneranda alilitambua sweta la Anaklet, la nailoni, ambalo udongo haukuliweza. Alilifuma upya mkono mmoja kabla ya vita kwa uzi wa rangi tofauti, na uzi ule ulikuwepo.

Rozina alikwenda kuzika. Abass naye alikwenda, na Swalha akafuatana naye, mara ya kwanza kwa Abass kuvuka mpaka ule tangu alipouvuka akiwa mtoto. Alikusudia kusimama nyuma, karibu na baba yake aliyekuwa amekaa kwenye benchi la mwisho na watu wamemwachia nafasi pande zote mbili. Veneranda akatuma mtu amwite mbele. Mbele ya waombolezaji wote akamwomba asimulie habari za kisiki na mtangazaji wa mpira. Abass alisimulia. Aliposema golikipa amepigwa na jua machoni, watu wakacheka pale makaburini huku wanalia, na Veneranda ndiye aliyecheka kwanza.

Kwa Rahim Veneranda hakwenda siku ile, wala hakumpa mkono. Watu waliotarajia kuona wawili hao wamekumbatiana walirudi bila hilo. Lakini miezi ilipopita alimtumia ujumbe kwamba njia ya kisimani inayopita uani kwake ni fupi, na mzee mwenye magoti kama yake anaweza kuipita. Rahim akaanza kuipita. Wanasalimiana. Simu za Abass na baba yake zimekuwa ndefu, hadi Swalha hulalamika kwamba birika limechemka mara tatu na mume wake bado yuko Nyarusenge.

Rozina alimaliza shahada yake. Kazi aliyoianza kwa kilima kimoja imetakiwa na vilima vingine, na Wanyarwanda wa Guangzhou wanaokumbuka humfuata, wengine wa upande huu wa msiba na wengine wa upande ule. Miwani moja ameiacha ofisini kwa Abass kwa wanaoona chuo ni mbali. Yupo mama mmoja muuza viatu wa Liuhua ambaye huja, huketi kati ya marobota, hutembea kijijini kwao robo saa, huvua, hushukuru, huondoka. Bado hajasema lolote. Abass hamwulizi.

Mwaka huu kumetokea jambo jingine. Elisante, kijana wa Moshi anayesomea uhandisi hapo Guangzhou, alimwambia Rozina anataka kupeleka barua ya posa, akauliza aipeleke kwa nani. Rozina akampigia mama yake. Veneranda akafikiri siku nzima, kisha akampigia Abass moja kwa moja. Alimwambia kwamba binti yake hana baba, na kaka zake anajua walipo. Anataka mtu wa kukaa kwenye kiti chao kupokea posa, na hataki msemaji wa kukodi.

"Ulicheza na wanangu," alisema. "Kakae."

Abass alitaka kusema kwamba hastahili, lakini mama yule hakumwuliza kama anastahili. Akaitikia ndiyo, mama. Swalha akachukua ukumbi wa juu wa mgahawa pale Xiaobei, akapika pilau mwenyewe kwa kuwa hakuwaamini wapishi, akaweka simu juu ya kigoda ili Veneranda aone. Watu wa Elisante waliingia wamevaa suti katika joto lile, wote wanafunzi waliojikaza kuwa wazee, na msemaji wao akaanza kwa kusafisha koo.

Wakauliza ni nani anayepokea wageni kwa niaba ya nyumba ya mwalimu Ndamage wa Nyarusenge. Abass aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akawaambia wakae, wamefika kwao.